Amri ya Kutokula

Mwanangu Zaina,

Wewe na mama yako mmekwenda soko la Jabe kutafuta blanketi zito na sufuria yenye mfuniko. Namjua mama yako, hataacha kubishana bei kabla ya magharibi, kwa hiyo nina alasiri nzima ya kuandika. Nikingoja urudi nikwambie kwa mdomo, najijua pia: nitakuuliza kama umeshaweka viatu kwenye sanduku, na mazungumzo yataishia hapo.

Viatu, baridi ya huko milimani, nani wa kumpigia simu ukifika, hayo umeshaambiwa mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Mwezi uliopita uliniuliza swali hapa mezani, nami nikanyanyuka kwenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Leo nakujibu.

Ulikuwa umetuonyesha barua ya kazi. Mtaalamu wa lishe, hospitali ya mkoa. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje. Mimi nikasema, "Miaka yote hiyo ya masomo, umekwenda kuchagua kupima uji?" Ukaniangalia. Maneno yale hayakuwa hata yangu. Babu yako, fundi wa magari, aliniambia hayohayo siku nilipompelekea diploma yangu ya lishe gereji. Alikuwa amelala chini ya lori, wala hakutoa kichwa. "Nimekusomesha ukuwe mupishi wa hopitali?" Nilimnunia wiki nzima. Halafu baada ya miaka yote hii nikakupa wewe neno lilelile, mbele ya sahani yako. Hukulia. Uliuliza kwa upole, "Baba, hii kazi ilikufanya nini?"

Haikunifanya kitu, Zaina. Mimi ndiye niliyefanya, ndani ya kazi hiyo. Na kila mara ninapolikumbuka nashikwa na hasira, na hasira hiyo nimekuwa nikiitupa popote, hata kwako.

Unaijua hospitali yetu kwa nje. Hujui kwamba ina jiko. Lina masufuria ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani, lina jokofu, lina meza ya chuma ndefu kuliko nyumba yetu. Jiko hilo hupikia wageni. Wakija wageni wa kukagua, moshi unatoka na harufu ya nyama inaingia madirishani mwa wagonjwa. Siku nyingine limefungwa kwa kufuli. Mgonjwa anakula kile anacholetewa na ndugu zake, na ndugu zake wakikosa nauli anakula kwa macho. Tumezoea hivyo mpaka tunaona ni kawaida, kama jua. Dawa inaandikwa, inasainiwa, inaulizwa saa ngapi imetolewa. Chakula hakiandikwi popote. Kinachoandikwa ni kukikataza tu.

Kile cha kukataza kinaandikwa kwa Kifaransa, maneno mawili mafupi kwenye karatasi ya kitandani: à jeun. Utayaona kila siku. Maana yake mgonjwa asile wala asinywe kwa sababu anasubiri kupasuliwa. Ni amri nzuri, inaokoa watu, maana aliyelazwa usingizi wa dawa na tumbo limejaa anaweza kutapika na kuvuta matapishi mapafuni. Sina ugomvi na amri hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba anayeiandika ana jina, ana muhuri, na wa kuifuta hayupo.

Miaka sita iliyopita alilazwa kwetu mwanamke wa Gatumba. Walimwita Mama Neema. Alitoka Kongo zamani akiwa na watoto wawili, mvulana Bahati na msichana Neema, akauza unga wa muhogo pale mpakani mpaka watoto wakawa watu wazima. Maji yalipojaa Gatumba nyumba yake ilianguka, wakahamia chumba cha kupanga. Alitembea ndani ya maji yale na kidonda mguuni, na mwili wake una ugonjwa wa sukari. Alipofika kwetu vidole viwili vilikuwa vyeusi. Vilitakiwa kukatwa.

Nilimpenda kwa sababu alinibishia. Nilikwenda kitandani kwake na orodha yangu ya vyakula, hili kula, hili acha, akaisikiliza yote halafu akasema, "Papa muganga, hii orodha yako ni ya mutu mwenye kuko na friji." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba amesema kweli, ila nilikuwa nimevaa koti jeupe, na koti hilo ndilo pekee lililonitenga na neno la babu yako. Kwa hiyo nikamgeukia binti yake, Neema, niliyemkuta akimmenyea mama yake ndizi mbivu. Nikamwambia kwa sauti, watu wasikie, "Unataka kumuua mama yako? Sukari ndiyo itamuua." Neema akaifunika ile ndizi kwa kitenge kama mtu aliyefumaniwa na kitu cha wizi.

Kumbuka hapo, Zaina. Mimi nilikuwa wa kwanza kulitia lile neno kichwani mwake.

Upasuaji uliwekwa Jumanne. Jumatatu jioni ikaandikwa amri, asile. Jumanne alishinda bila kitu, na alasiri ikaja habari kwamba daktari wa usingizi hakupata usafiri, mafuta yamekosekana mjini, itakuwa kesho. Neema alikuwa ameshaondoka kuwahi gari la mwisho la Gatumba. Jirani wa kitanda akampa mama yake uji nusu kikombe. Jumatano asubuhi amri ileile. Umeme ukakatika, jenereta haina mafuta, itakuwa kesho. Neema hakupata gari la kumleta, jioni mama yake akala vijiko viwili vya wali wa mtu mwingine. Alhamisi amri ileile.

Na kila asubuhi, kwa siku hizo zote, muuguzi alipita na trei akampa kidonge chake cha kushusha sukari. Kidonge kiliandikwa kwenye karatasi nyingine. Karatasi ya kutokula ilikuwa miguuni pa kitanda, karatasi ya dawa ilikuwa ofisini. Mtu hajala, na anapewa dawa ya kuishusha sukari ambayo hana. Dripu ya maji iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ya chumvi tu, kwa sababu yeye ni mgonjwa wa sukari. Vibandiko vya kupimia sukari ya damu vilikuwa vimekwisha tangu wiki iliyotangulia. Wewe umesoma, umeshaelewa. Ukiweka karatasi zile mbili pamoja mezani, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona kinachokuja. Hakuna aliyeziweka pamoja, na hiyo ndiyo kazi yangu. Ndiyo sababu tupo, sisi wapima uji.

Alhamisi, saa sita mchana, nikapita. Mama Neema alikuwa ametoa jasho paji la uso na mikono inamtetemeka. Neema alikuwa amefika muda uleule. Magari hayakuwepo, alikuwa ametembea kutoka Gatumba kwa miguu, viatu vyake vimejaa vumbi. Alikuwa amebeba termosi ya chai na mandazi manne ndani ya kitambaa. Alikuwa ameshamimina kikombe.

"Muganga," Mama Neema akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mi niko na njaa. Macho haioni vizuri."

Nikaangalia karatasi. Amri bado ipo. Nikauliza, "Hii chai iko na sukari?"

Neema akasema, "Kidogo tu, Papa. Juu ya vile anatetemeka."

"Karatasi inasema asikule, asikunywe. Na hata angekuwa anakula, sukari nilikukataza."

"Lakini jana bamesema kesho, na juzi bamesema kesho."

"Leo njo kesho yenyewe," nikamwambia. Niliona nimejibu vizuri sana.

Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikairudisha chai ndani ya termosi, nikafunga. Nikachukua na mandazi. Nikamwambia atavikuta ofisini kwangu baada ya upasuaji. Mama Neema hakugombana. Alinyoosha mkono kidogo, halafu akaurudisha. Ule mkono nimeuona mara nyingi kuliko nilivyouona uso wa mama yangu mzazi.

Sasa sikiliza kilichonikera kuliko yote. Upasuaji ule ulikuwa umeshaahirishwa tangu saa nne asubuhi. Daktari mkuu wa upasuaji anakaa mtaa wa Mutanga Nord, gari lake lilikuwa kwenye foleni ya mafuta, akapiga simu chumba cha upasuaji kusema leo haji. Waliosikia wakavua kofia zao za upasuaji, wakaenda kunywa chai yao. Hakuna aliyetembea hatua mia kwenda chumba cha wanawake kusema, mama, kula. Mimi mwenyewe nilipata habari saa tisa. Na nilipoipata, Zaina, nilisimama mlangoni mwa ofisi na ile termosi ikiwa mezani kwangu, nikafikiri: nimrudishie. Halafu nikafikiri: binti ameshaondoka, na kesho mama atazuiwa tena kula, na mkurugenzi ananisubiri.

Mkurugenzi alikuwa na wageni wiki iliyofuata. Alitaka nipange chakula chao. Alasiri ile yote nilikaa kwenye chumba chenye feni nikijadili kama samaki wa mukeke wachomwe au wakaangwe, na kama mishikaki iwe ya mbuzi au ya ng'ombe. Nilitoa maoni, niliandika kwa mwandiko mzuri. Mkurugenzi akasema, "Unaona, tunakuhitaji." Nikafurahi. Nakwambia bila kupunguza: nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikamwambia mama yako kwamba wameanza kuniheshimu.

Ijumaa alfajiri muuguzi alimwamsha Mama Neema ampe kidonge, hakuamka. Walimtia maji ya sukari mshipani, mengi, haraka. Ubongo ulikuwa umeshakaa muda mrefu bila chakula. Akafa kabla ya swala ya Ijumaa.

Neema alikuja ofisini kuchukua termosi. Nilikuwa nimeitazama tangu asubuhi, sikuthubutu kuigusa. Alisimama pale, macho yamevimba, akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea zawadi. Akaniambia, "Asante, Papa. We ulijaribu kutukataza."

Nilitikisa kichwa tu, kwa huzuni, kama mtu aliyejaribu.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga wa kawaida, na waoga wa kawaida ni wengi, Mungu anatusitiri. Lakini wiki mbili baadaye kulikuwa na kikao cha kuzungumzia vifo vya mwezi. Daktari mkuu alisoma jina la Mama Neema, akasema kwa Kifaransa kwamba ni matatizo ya kisukari, akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilikuwa na daftari langu magotini. Ndani yake nilikuwa nimeandika siku zote zile: Jumanne uji nusu kikombe, Jumatano wali vijiko viwili, Alhamisi sifuri. Nililileta makusudi. Daktari akainua macho. "Mtu wa lishe, una la kuongeza?"

Chumba kizima kikanigeukia. Nikaona nyuso za watu ninaokula nao, nikaona mkurugenzi aliyesema tunakuhitaji. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Familia ilikuwa ikimletea vitu vya sukari. Niliwakataza."

Daktari akasema, "Ndivyo ilivyo siku zote," akaandika. Sentensi yangu ikaingia kwenye faili. Bahati, yule kaka mtu, alipokuja kuuliza mama yake amekufa na nini, alisomewa sentensi hiyo. Akarudi nayo Gatumba.

Hili ndilo lililokaa kooni kwangu unaponiona nanyamaza mezani. Nimekwisha kuwakasirikia wote. Nimemkasirikia daktari kwa simu yake fupi, waliovua kofia, aliyefunga jiko kwa kufuli, muuguzi aliyekuwa peke yake na wagonjwa arobaini, wanaoleta mafuta na wanaoyaficha. Hasira hizo ni za haki na sizirudishi. Lakini nilizitumia kama pazia. Kila nilipopiga kelele kuhusu mfumo, mama yako akasema mume wangu ana uchungu na wagonjwa, nilikuwa nikijificha nyuma ya kelele yangu mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na haki ya kukasirika na bado akawa ndiye aliyebeba kile kikombe. Mambo hayo mawili hayafutani. Ilinichukua miaka kuelewa kitu rahisi namna hiyo.

Baada ya kikao kile nilianza kufanya jambo moja. Kila siku saa nne nakwenda mlango wa chumba cha upasuaji, nauliza nani anapasuliwa na nani hapasuliwi, halafu naenda kitandani kwa asiyepasuliwa, nachora mstari juu ya ile amri, nasaini jina langu, namwambia kula. Asiye na chakula namtafutia kwa jirani. Mara ya kwanza muuguzi mkuu aliniuliza, "We njo nani wa kufuta maandishi ya dogiteri?" Nikamwambia, "Mupishi." Nilipewa barua ya kujieleza, nikajieleza kurasa tatu. Niliomba hospitali iweke kanuni, kwamba anayeahirisha upasuaji aifute amri yeye mwenyewe, kwa mkono wake, saa ileile, na asimamishe vidonge vya mgonjwa asiyekula. Wakasema ni wazo zuri. Mpaka leo ni wazo zuri. Kuna wauguzi wawili vijana wanaofanya pamoja nami, nikiwa likizo wanafanya bila mimi. Huo ndio ushindi wangu wote, na nisingetaka uusifu, kwa sababu nilifuta amri za watu wengi huku ile sentensi yangu ikiendelea kukaa kwenye faili.

Ulipouliza swali lako, nikanawa mikono, na usiku ule nikakuona akilini ukiwa kwenye kikao kama kile, daftari magotini, na nyuso zinakugeukia. Sikuweza kukwambia uwe jasiri. Ningekwambia kwa mdomo upi?

Alhamisi ya juzi nilikwenda Gatumba. Mama yako nilimwambia naenda kumwona rafiki. Niliuliza kwa wanawake wauza unga pale mpakani, wakanionyesha. Neema anakaa chumba kimoja na watoto wake wawili, anauza unga mahali pa mama yake. Amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu mbele, na hajafika hata miaka arobaini. Alinitambua kabla sijataja jina.

"Papa muganga. Karibu. Kuko mugonjwa?"

Akanipa kiti, akanitengenezea chai. Nikaonja. Haikuwa na sukari hata chembe. Mtoto wake mdogo aliniona nikisita, akacheka, akasema, "Kwetu sukari haiingiake. Mama anasema inauwa."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwomba Neema awatoe watoto nje, nikamweleza yote, tangu kidonge mpaka simu ya saa nne, mpaka mishikaki, mpaka kikao. Nilimwambia, "Mama yako hakufa kwa sukari kuzidi. Alikufa kwa sukari kuisha. Ile chai uliyoleta ndiyo ilikuwa dawa yake. Kikombe kimoja. Ningekuacha umpe, asingekufa siku ile."

Neema aliitazama mikono yake, ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo alikufwa na njaa," akasema. "Mu hopitali."

"Ndiyo."

"Na mi nilikuwa na chai."

"Ndiyo."

Nilidhani atalia, au atanipiga. Akasimama, akafungua mlango, akamtuma binti yake mkubwa akamwite mjomba. Bahati anakaa nyumba ya tatu. Aliingia akiwa ameshika nyundo ndogo, anashona viatu. Neema akaniambia, "Rudilia. Vile umesema. Usipunguze."

Nikarudia. Na hapo ndipo nilipojua sentensi yangu ilifanya kazi gani kwa miaka sita. Bahati alikuwa amemkataza dada yake kwenda kaburini. Kwenye harusi yake hakumwalika. Watu wa kanisani kwao walimwita yule aliyemlisha mama yake mpaka akafa. Neema alikubali yote, kwa sababu muganga alisema, na muganga ana koti jeupe.

Bahati alinitazama. "Miaka sita," akasema. "Juu ya nini umekuja leo?"

Nikamjibu ukweli, kwamba binti yangu anaanza kazi kama yangu, na nimeshindwa kumwangalia.

"Kumbe hata leo hukukuja juu yetu."

Neema hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba, maana ningemwomba tena anibebee kitu. Alikwenda kwenye mkoba wa shule wa mtoto, akatoa daftari, akanipa kalamu. "Andika," akasema. "Weka na jina lako yote. Maneno ya mudomo njo ile iliniuwa."

Nikaandika. Nikaandika kama ninavyoandika kwenye faili, siku kwa siku, saa kwa saa, na mwisho nikaandika kwamba Neema hakumdhuru mama yake, na kwamba maneno yangu kwenye kikao yalikuwa uongo. Bahati alilisoma polepole akifuatisha kwa kidole. Alipomaliza alimrudishia dada yake, akaketi chini sakafuni karibu na miguu yake, bado ameshika nyundo. Niliwaacha hivyo.

Ijumaa asubuhi niliandika nakala nyingine, nikampelekea mkurugenzi, nikaomba iwekwe kwenye faili la Mama Neema. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Chukua hii, rudi nayo nyumbani, upumzike." Nikakataa kuichukua. Akaniuliza kama najua ninawaharibia kina nani. Nikamwambia jina la kwanza humo ni langu. Nimeitwa mbele ya kamati juma lijalo. Mama yako nitamwambia kesho, basi lako likishaondoka, maana nikimwambia leo atakuzuia usisafiri. Huenda nikabaki na kazi, huenda nikakosa. Wale wauguzi wawili wamesema watakuja kusema walichokiona. Sikuwaomba.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu. Ninachokiomba kwako si kikubwa, wala sikuagizi ushujaa ambao mimi sikuwa nao. Ukiikuta ile amri kitandani, uliza ni ya leo au ya jana. Tafuta na karatasi ya pili popote ilipofichwa, uziweke pamoja mezani. Mtu akikwambia ana njaa, anza kwa kumwamini. Na wakikuita mpishi, ukijisikia kutaka kuvaa koti jeupe zaidi, kaa kidogo, ungoje hamu hiyo ipite kabla hujasema lolote na mgonjwa. Mimi sikungoja.

Nasikia sauti ya mama yako huko nje, anasifu blanketi. Namaliza.

Gatumba si mbali, na watu wa pale wanasafiri na kuuza mpaka huko unakokwenda. Siku moja sokoni, au kitandani kwa mgonjwa wako, mtu atasikia jina lako la ukoo na kukuuliza kama wewe ni mtoto wa yule muganga aliyemnyang'anya mama wa watu chai halafu akamsingizia binti yake. Usinitetee, Zaina. Sema ndiyo, ni baba yangu. Halafu umuulize kama ameshakula.

Mungu akufikishe salama, na akuweke karibu na wenye njaa.

Baba yako,
Ramadhani